Mistari Mitano kwenye Sahani Nyeupe

Juzi nilialikwa kwenye arubaini ya mtoto wa rafiki yangu. Wakapitisha maziwa ya moto yaliyotiwa zafarani, kila mgeni na kikombe chake. Nilikiinua changu karibu na pua, nikakirudisha kwenye sinia bila kukionja. Mwenye nyumba akaniuliza kama maziwa yananidhuru. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza kwamba harufu ile iliyowafurahisha wote mle ndani, kwangu ni harufu ya chumba cha mgonjwa. Kwamba nikiwa na miaka kumi nilimnywesha mama yangu zafarani siku kumi na moja mfululizo, na kwamba hadi leo sijajua kama nilimwongezea siku au nilimnyang'anya.

Tulikuwa tunakaa Durban, kwenye jengo la ghorofa chini kidogo ya kilima cha Berea. Ukisimama kwenye dirisha la jikoni uliona winchi za bandari zikiinama na kuinuka mchana kutwa. Baba alikuwa akifanya kazi huko bandarini, akafa kwa kikohozi nilipokuwa darasa la tatu. Tukabaki mimi na Mama, pamoja na Mama Clarisse, Mkongomani aliyepanga chumba cha pili na kutumia jiko moja na sisi. Mama alikuwa mtu wa Tanga. Kizulu kilimpiga chenga, na Kiingereza alikijua cha salamu na cha kuomba radhi. Alikuwa mfagiaji katika jumba moja la makumbusho, mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni kwangu. Kila nikitoka shule nilipitia huko, nikakaa kwenye benchi mpaka amalize.

Benchi langu lilikuwa katika chumba cha vitu vya Uchina. Sikukichagua. Ndicho chumba ambacho wageni walikipita upesi wakielekea kwenye wanyama waliokaushwa, kwa hiyo mtoto wa mfagiaji hakumkera mtu. Kulikuwa na birika za kaure, kulikuwa na farasi wa udongo, na ukutani, ndani ya kabati refu la kioo, kulikuwa na karatasi iliyozeeka hadi ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa wino mweusi mistari mitano iliyosimama wima. Nasema mistari, lakini ilifanana zaidi na kitu kinachokimbia. Ule wa kwanza, upande wa kulia, ulianza na tone zito, ukateremka, ukajipinda, ukajifunga kama kamba ya kiatu na kujifungua tena bila brashi kuinuliwa. Palipokauka wino brashi ilikwaruza, ikaacha michirizi ya weupe ndani ya weusi; kisha ghafla wino mpya, mnene, kama mtu aliyevuta pumzi akaendelea kulia. Pembeni kulikuwa na mihuri myekundu sita au saba, na chini kwenye pembe ya kushoto kulikuwa na maandishi mengine, madogo, safi, kila alama imekaa peke yake. Kibandiko kilisema tu: maandishi ya mkono, wino juu ya karatasi, Uchina.

Mlinzi wa chumba hicho alikuwa mzee wa Kihindi kutoka Chatsworth, nje kidogo ya mji. Nilimwita Uncle Siva. Yeye aliniita Mona, kwa sababu jina langu, Mwanaidi, alidai linahitaji meno ambayo hana tena.

"Mona, toa pua yako kwenye kioo," alikuwa akisema. "Mama yako anakifuta, wewe unakichafua. Mmepangana?"

"Uncle, hapa pameandikwa nini?"

"Eish, mimi? Mimi naangalia kisiibiwe. Kusoma ni kazi ya wengine."

Mimi nilidhani najua.

Wengi wa rika langu mtakuwa mnalikumbuka kombe, hata mkijifanya hamlikumbuki. Kila Jumamosi nilipanda basi kwenda chuoni kwa Maalim Sefu, huko huko Chatsworth, mtaani kwa wale watu wanaoitwa Wazanzibari ingawa wengi wao Zanzibar hawajawahi kuiona. Watu wetu wakiugua walikwenda hospitali, lakini walipita kwa Maalim pia. Alichukua sahani nyeupe, akasaga zafarani, akaichanganya na maji ya waridi, akachovya kalamu ya mwanzi na kuandika aya kuanzia ukingoni. Aliandika haraka, herufi zikiungana na kulaliana, mpaka mimi niliyekuwa nimeshafika juzuu ya tatu nisitambue hata moja. Sahani ikikauka inaoshwa kwa maji ya waridi, maandishi yanayeyuka, mgonjwa anayanywa. Siku moja nilimuuliza mbona siwezi kuyasoma. Akacheka.

"Haya si ya kusoma, binti. Ni ya kunywa."

Basi. Maandishi yanayoanzia kulia, yanayokimbia, yasiyosomeka. Na Maalim mwenyewe alikuwa ametusimulia kwamba hata Uchina kuna misikiti, na watu wanaosali kama sisi. Nikaamua kwamba karatasi ile ni kombe la Wachina, kubwa mno kuandikwa kwenye sahani. Mihuri ile myekundu ilikuwa ya watu waliopona: kila aliyeamka kitandani alikwenda kugonga wake, kama nesi anavyogonga muhuri kwenye kadi ya kliniki. Sikumwambia mtu. Nilikaa chini yake mchana baada ya mchana nikimega mkate wangu, nikijua ninachokijua.

Mama alianza kukohoa baridi ilipoingia. Khanga aliyokuwa akiizungusha mara moja kiunoni akaizungusha mara mbili, kisha tatu. Siku moja alikaa kitako katikati ya ngazi za makumbusho, ndoo pembeni, akashindwa kuinuka, na Uncle Siva akamshika mkono mpaka getini. Hakurudi tena kazini.

Kliniki tulikwenda wote wawili, mimi nikiwa mkalimani. Nesi alisema kwa Kizulu, mimi nikageuza kwa Kiswahili. Kulikuwa na neno moja alilolitamka kwa sauti ya chini, akinitazama mimi badala ya Mama, na kwa kuwa sikulijua kwa Kiswahili nililiruka. Nilikuja kulijua nikiwa mkubwa, na siku hizo dawa yake ilikuwa bado haijawafikia watu kama sisi. Lakini habari ya vidonge vya kifua niliielewa vizuri: vile vyekundu, kila siku, miezi sita, asiruke.

"Mwambie mama," nesi alirudia, "hata siku moja."

Nikamwambia: hata siku moja.

Vidonge vilimchoma. Alivimeza asubuhi, na kufikia saa tano alikuwa ameinamia beseni, mimi nimemshika paji la uso. Chakula kikamkataa. Nilipomnyanyua kumkalisha nilishtuka jinsi nilivyoweza. Siku ya Ijumaa aliniita, akanipa sahani yake nyeupe iliyofungwa kwenye khanga, pamoja na kikopo cha zafarani alichokuja nacho kutoka Tanga.

"Kesho nenda kwa Maalim. Mwambie anifanyie kombe. Dawa za kizungu peke yake naona zinanila tu."

Nilimkuta Maalim Sefu amelala kwenye godoro sebuleni, mdomo umekwenda upande.

"Kiharusi, mwanangu," mkewe akaniambia mlangoni. "Tangu Jumatano. Mkono wa kulia hauna habari."

Lakini Maalim aliiona sahani. Akanyoosha kidole, akakoroma kitu, na mkewe akaelewa. Akasaga zafarani kidogo, akamkalisha kwa mito, akamtia kalamu katika mkono wa kushoto. Maalim akaandika. Kalamu ilianza na tone zito, ikateleza, ikajipinda, ikakwaruza pakavu, kisha ikatoka nje ya sahani na kuchora mkeka. Akaitazama kazi yake. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile lililokuwa bado linamtii.

"Mwambie mama yako atusamehe," mkewe akasema, akifuta sahani kwa upindo wa khanga yake.

Mimi sikuwa nikimsikiliza. Nilikuwa nimeuona mstari ule kabla hajaufuta. Ulikuwa ndugu wa tumbo moja na ule wa kwanza kule makumbusho.

Niliporudi nyumbani, Mama alikuwa ameamka. Alikuwa amejikokota mpaka mlangoni na kukaa kwenye kiti cha plastiki, amejifunga mtandio safi, ananingoja. Hakuwa ameinuka kitandani kwa siku tisa.

"Vipi, anaandika?"

Ningewaambia kwamba nilifikiri kwanza, lakini ningekuwa nadanganya.

"Anaandika. Kasema nitakuwa nalifuata kidogo kidogo, kila siku mstari."

"Mungu amweke," Mama akasema. Akaomba uji. Akala vijiko vitatu. Ungekuwa wewe, ungemwambia ukweli baada ya kuviona vijiko vile vitatu?

Nilijifunza ile karatasi kama nilivyojifunza Qur'ani, kwa kuhifadhi. Kila nikitoka shule nilisimama mbele ya kioo nikafuata mstari mmoja kwa kidole juu ya paja langu, kuanzia tone la juu mpaka mkia wa chini, mara hamsini, mara mia, mpaka nikiufumbia macho unakwenda wenyewe. Nilijua wapi brashi inakaza na wapi inalegea. Nilijua wapi wino unakwisha. Palipokuwa na michirizi mikavu nilishika pumzi, na wino mpya ulipoingia niliiachia. Hakuna kitu nimewahi kukijua maishani kama nilivyoujua mkono wa mtu yule.

"Wena Mona, unajikuna nini?" Uncle Siva aliuliza.

"Najifunza."

"Mama hajambo?"

"Anapata nafuu, Uncle."

Akaenda kwenye mkoba wake, akarudi na roti, chapati ya kwao, iliyokunjwa kwenye gazeti. "Mpelekee. Mwambie vioo vyote vimekuwa vichafu, vinamsubiri."

Kombe la kwanza lilikuwa na mstari mmoja. Niliuandika kwenye paa la jengo letu, mahali pa kuanikia nguo, nimechutama kati ya shuka za watu. Nilitumia kijiti cha ufagio nilichokichonga kwa meno. Zafarani ilikuwa ya rangi ya kutu, ikishikilia weupe wa sahani vizuri. Nilisema Bismillahi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, na nilipomaliza nilikuwa nimeloa jasho na baridi yote ile. Kisha nikageuka na kumkuta Mama Clarisse amesimama na beseni lake la nguo.

"Weye mutoto, iko unafanya nini na sahani ya mama yako?"

"Kombe."

"Ni kitu gani, kombe?"

"Dawa. Inaandikwa, halafu inanywewa."

Akasogea, akainama, akaitazama sahani kwa muda mrefu. "Maandiko gani hii? Ni kama kuku imepita hapa."

"Ni ya Mungu."

"Bon," akasema, akaanza kuanika. "Kama ni ya Mungu, mi nanyamaza. Lakini Mungu ajifunze kuandika."

Nilisubiri ikauke, nikaiosha kwa maji ya waridi, nikampelekea Mama yale maji ya manjano katika kikombe chake. Sahani sikumwonyesha, maana Qur'ani alikuwa akiisoma vizuri kuliko mimi. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Akasoma kitu moyoni, akanywa taratibu bila kusaza tone, akafuta ukingo kwa kidole akakilamba.

Siku ya pili mistari miwili. Siku ya tatu mitatu. Siku ya tano nilipomaliza mitano yote, Mama alisimama. Nawaambia alisimama. Alikwenda jikoni akiwa ameshika ukuta, akatazama bandari, akauliza ile meli nyekundu imeingia lini. Siku ya saba alimwambia Mama Clarisse amsuke, na Mama Clarisse akamsuka zile nywele zilizobaki, wakicheka kwamba mistari inaonekana kama barabara za Kongo, inaanza vizuri halafu inapotea. Nilikuwa nimekaa sakafuni. Niliutazama mkono wangu wa kulia kama mtu anavyotazama mnyama wa ajabu aliyefugwa nyumbani bila kujua ana uwezo gani.

Siku ya kumi na moja, nikimbadilishia foronya, vidonge vyekundu vilimwagika kitandani. Vilikuwa vimefungwa kwenye karatasi laini, vya siku nyingi.

"Mama, hivi?"

"Usiseme kwa mtu," akanong'ona, uso wake umechangamka kama wa mtoto aliyeiba sukari. "Vinanichoma. Na tangu kombe la Maalim nimekuwa mtu tena. Nimeviacha tangu siku ya nne."

Mimi ndiye niliyekuwa nimeyatafsiri maneno ya nesi. Hata siku moja. Nilikuwa nayajua kwa lugha mbili. Na nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwamba mistari yangu imevishinda vidonge vya nesi. Nikavifunga tena kwenye ile karatasi, nikavirudisha chini ya mto.

Kesho yake niliingia makumbusho nikakuta watu chumbani mwangu. Mwanamke mmoja, bosi wa pale, alikuwa amemleta mzee wa Kichina mwenye duka la vyombo mjini, mtu mfupi aliyevaa sweta, miwani imekaa puani karibu na ncha. Alikuwa amesimama mahali pangu. Uncle Siva alikuwa mlangoni, mikono nyuma.

"Njoo Mona," akanong'ona. "Umesumbua mwaka mzima. Leo yupo anayesoma."

Yule mzee alikuwa anafuata mstari kwa kidole hewani, kuanzia juu, kama mimi. Midomo yake ilicheza kwanza. Kisha akaanza kuugeuza kwa Kiingereza, polepole, akisimama kila kipande, na yule mwanamke akiandika.

"Ni barua," akasema. "Mtu anamwandikia rafiki yake. Anasema: tangu juzi kifua kinanibana, silali. Nikimeza chochote kinarudi. Dawa uliyonipa imekwisha. Kama unayo nyingine, nakuomba, mtume mtu upesi. Upesi. Hapa amerudia. Sijui kama tutaonana."

"Mwandiko mzuri sana," yule mwanamke akasema. "Una uhuru wa ajabu."

Mzee akavua miwani. "Watu husema hivyo. Mimi naona mtu aliyekuwa na haraka. Hakuwa na nguvu ya kuinua brashi."

"Na mihuri?" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Wote wakageuka.

"Mihuri ni ya waliowahi kuimiliki," mzee akanijibu, kwa upole, kama aliyeulizwa swali la maana. "Matajiri. Kila aliyeinunua aligonga wake."

"Na hayo madogo ya pembeni?" Uncle Siva akauliza.

Mzee akarudisha miwani, akainama. Maandishi yale sikuwa nimewahi kuyanakili, kwa sababu yalitulia mno kuwa dawa.

"Haya ni ya rafiki yake. Anasema: dawa niliituma siku ileile. Mjumbe akarudi nayo."

"Kwa nini arudi nayo?"

"Hakukuta wa kumpa," mzee akasema.

Nilikimbia. Nilivuka pale kwenye robot, kama wanavyoziita kule taa za barabarani, ikiwa nyekundu, dereva mmoja akanitukana kwa Kizulu tusi refu kiasi kwamba lilinifuata hadi kona ya pili. Siku kumi na moja. Nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu, kwa zafarani ya kwao Tanga, kwa jina la Mungu: nikimeza chochote kinarudi. Sijui kama tutaonana. Nilikuwa nimemnywesha hayo, na yeye akalamba kidole.

Mama alikuwa amekaa kitandani, amejipaka wanja.

"Mbona mikono mitupu? Kombe liko wapi?"

"Mama, meza vidonge."

"Mwanaidi."

"Meza, Mama, nakuomba, vimeze vyote, vya leo na vya jana—"

"Umekuwaje wewe? Liko wapi kombe la Maalim?"

Nikamwambia. Niliyasema yote nikiwa nimesimama, mfuko wa shule bado mgongoni: mkono wa Maalim, karatasi iliyo kwenye kioo, kijiti cha ufagio, mzee wa duka la vyombo. Nilipomaliza alikuwa akitazama ukuta.

"Maalim amepatwa tangu lini?"

"Tangu kabla hujanituma."

"Na mimi nimekuwa nikinywa nini?"

"Barua."

"Barua ya nani?"

"Ya Mchina. Alikuwa mgonjwa."

Nikangoja kofi. Ningelipokea kwa shukrani. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani analia mpaka nilipoisikia sauti.

"Umeninywesha barua ya Mchina," akasema, na kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi, na kikohozi kikamkunja mpaka magotini. Nilimshika paji la uso kama kawaida. Kilipopita, alijifuta mdomo na khanga, akaikunja upesi nisione kilichobaki. Wanja ulikuwa umemchuruzika mpaka mashavuni. Zile siku kumi na moja nilizompa zilikuwa zimeshamtoka usoni. Niliziona zikitoka, kama maji yanavyotoka kwenye beseni.

"Alikuwa anasemaje kwenye hiyo barua?"

"Anaomba dawa."

"Kwa nani?"

"Kwa rafiki yake."

"Akampelekea?"

"Siku ileile."

Hapo aliinua macho. Sijawahi kutazamwa vile tena na mtu yeyote. Alinitazama kama vile mimi ndiye nesi, na daktari, na yule mwenye duka la vyombo, na kama kwamba jibu liko mfukoni mwangu, ninaamua tu nimpe au nisimpe.

"Akapona?"

Nje mtu alikuwa anapiga honi. Nilikumbuka maandishi yale madogo yaliyotulia, kila alama peke yake.

"Alipona," nikasema.

Mama akafikiri. Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akatoa ile karatasi, akavimimina vidonge kwenye kiganja, akatenga vya siku hiyo. "Niletee maji," akasema. Alivimeza kimoja kimoja, amefumba macho. Saa moja baadaye alivitapika, akalala kidogo, akaomba apewe tena. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Hakuruka tena hata siku moja. Nilimsaidia kurudi kliniki, nesi akauliza kwa nini tumekosa siku, na mimi mkalimani nikasema mama anasema alisahau.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba atamsimulia kila mtu. Alimsimulia Mama Clarisse siku ileile. Akawasimulia wanawake wa Chatsworth waliokuja kumwona, akiwa amelala ubavu, sauti imebaki uzi: kuna Mchina mmoja, zamani hizo, alikuwa hivihivi kama mimi, kifua kimembana, hali, halali, akamwandikia rafiki yake, akaletewa dawa, akainuka. Kila alipoisimulia aliongeza kidogo. Mchina akapata mke. Akapata watoto. Akaishi mpaka akawa na wajukuu na farasi. Nilikuwa nikimsikia kutoka jikoni, nikiosha sahani ile nyeupe iliyokwisha kuwa safi. Usiku na mchana nilitamani kuingia nikamwambie anyamaze, au nimwambie aendelee.

Alifariki asubuhi ya Jumatano, wiki ya nne tangu avirudie vidonge, vya siku hiyo vikiwa bado kwenye kisosi.

Wanaume walimchukua baada ya adhuhuri, wakaenda naye makaburini. Wanawake tulibaki ndani. Nilikuwa nimekaa kwenye pembe ya jikoni, chini ya dirisha, kwa sababu sebuleni kila mtu alitaka kunikumbatia. Mama Clarisse alikuwa ameshika birika, anasubiri maji yachemke. Hakuwa amelia toka asubuhi. Alikuwa amepika, amedeki, ameazima vikombe mlango kwa mlango. Ghafla aliweka birika chini, akanigeukia, na uso wake ulikuwa na hasira ambayo sikuijua ni ya nani.

"Mutoto," akasema. "Ule mutu wa Uchina alipona. Ni vile, ama?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa na ugonjwa moja na huyu wetu. Dawa alimeza, huyu pia alimeza. Sasa yeye alipona, na huyu wetu iko wanamuzika leo. Juu ya nini?" Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, hakuyafuta. "Niambie. Juu ya nini?"

Maji yalianza kuchemka. Sebuleni walikuwa wakisoma Yasini. Nilikuwa mtu pekee katika jiji lile lote, ukimwondoa mzee wa duka la vyombo na wale wawili waliomsikiliza, niliyejua jibu, na kama ningelisema ningemzika Mama mara ya pili, pamoja na wajukuu wote na farasi.

"Yeye dawa ilimfikia mapema," nikasema.

Mama Clarisse akanitazama. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa sababu inayoeleweka, akachukua birika, akaenda kuwamiminia wanawake chai.